Mashine Yenye Sauti

9 Februari

Mwanangu Soketi,

Marahaba. Shikamoo yako nimeipokea kabla hujaitoa. Mimi mzima, miguu mizima, mdomo mzima kama unavyoujua. Mkwe wangu hajambo? Bado anafundisha watoto hesabu na kurudi nyumbani na chaki puani? Mpe salamu zake peke yake, usizichanganye na zako.

Nimehama. Ile nyumba nilimokulea imeuzwa, na aliyeinunua anataka kuigeuza ghala. Sikulia. Nilikunja vitambaa, nikaifunga cherehani kwa blanketi kama mgonjwa, wanaume wawili wakaibeba. Sasa niko ghorofa ya tatu, kwa mteja wangu wa siku nyingi, yule mama mwenye mabega mapana niliyewashonea binti zake wote nguo za harusi. Yeye kaenda kuishi na mmoja wao. Akaniambia, "Fundi, kaa wewe, afadhali kuliko kuwaachia panya."

Sakafu yake, mwanangu, ni mbao. Vyumba vyote, mpaka jikoni. Asubuhi jua likiingia sebuleni, sakafu inakuwa kama maji yaliyotulia, viti vinaelea juu yake, nami nasimama mlangoni naona haya kukanyaga. Halafu kuna ukungu kidogo humu ndani, mwepesi, kama mvuke wa chai. Sijui unatoka wapi. Labda nyumba za mbao zinapumua.

Sasa neno lililonifanya nishike kalamu. Ufagio haufai hapa. Kati ya ubao na ubao kuna nyufa nyembamba, na pini zangu zikianguka zinajilaza humo kama zimetandikiwa kitanda. Nataka ile mashine ya kufyonza vumbi. Wewe ndiye unaziuza. Niambie ipi itafaa mbao isizikwaruze, maana si zangu. Wala usinipigie simu. Kwenye simu mimi na wewe tunasema "nzuri, nzuri" mpaka salio linakwisha, na vitufe vya simu za siku hizi vimetengenezewa sisimizi.

Shangazi yako


24 Februari

Shangazi,

Shikamoo tena, hata kama unayo akiba. Barua yako nimeisomea dukani, nyuma ya majokofu, kwa sababu meneja wetu hapendi kuona mtu anacheka bila mteja mbele yake.

Habari ya kuuzwa kwa nyumba imeniuma. Nilitaka kuandika mengi juu yake, nimefuta. Sisi huku wazima. Mke wangu anapumzika. Amechukua likizo kidogo shuleni.

Sasa nikuvalie tai yangu ya kazini. Mama mpendwa mteja, kwa sakafu ya mbao kuna mambo ya kuangalia. Usinunue mashine yenye brashi ngumu inayozunguka. Ile ni ya mazulia, juu ya mbao itatawanya mchanga na kuacha mikwaruzo. Unataka kichwa cha manyoya laini, na magurudumu ya mpira, si ya plastiki ngumu. Unataka nyepesi, maana utaivuta chumba hadi chumba. Na ya mfuko ni bora kuliko ya kopo, kwa sababu kopo ukilimwaga nusu ya vumbi linarudi puani kwako.

Ninayo moja hapa inayotimiza yote hayo, na uzuri wake mkubwa ni kwamba haina kelele. Nikiiwasha dukani wateja wanauliza kama umeme umekatika. Ninakutumia hiyo kwa gari letu la mizigo. Usinishukuru, na usinitumie kitu. Miaka yote uliyonishonea sare za shule uliwahi kuniletea bili?

Pini okota kwanza kwa sumaku, zisitoboe mfuko.

Soketi wako


22 Machi

Mwanangu,

Salamu zangu kwenu. Kinyozi anayekaa chini yangu anakusalimu pia, ingawa hamjuani. Ni mjane, anatembea taratibu kama mtu anayebeba bakuli la supu, na kila nikikutana naye ngazini ananiambia nimevaa vizuri. Ninamjibu kwamba nilishona mwenyewe. Mazungumzo yetu hayajavuka hapo.

Mashine imefika. Ni nzuri, ngozi yake laini, nimeipapasa mwili mzima. Lakini mwanangu, nisamehe, siitaki. Imezidi ukimya. Ninaisukuma huku na huku, sijui kama imekula au inanidanganya. Ni kama kumlisha mtoto aliyelala. Nipatie yenye sauti. Ya zamani, yenye bomba la bati, hata kama imekaa stoo hakuna anayeitaka. Kichwa kiwe laini kama ulivyosema, na magurudumu ya mpira, hayo nimeyaelewa. Lakini iwe na sauti.

Ule ukungu bado upo, hasa jioni. Taa za barabarani, kila moja imevaa kofia kubwa ya mwanga yenye rangi pembeni, na magari yanapita chini kama watu waliobeba mishumaa. Ninakaa dirishani naangalia mpaka nasahau chakula jikoni. Sijawahi kuishi mahali pazuri namna hii. Usingizini naota nashona kitambaa cheupe kisicho na pindo, nakivuta, nakivuta, kinakuja tu.

Mkwe wangu anapumzika nini? Umeandika "anapumzika" ukaruka kwenye brashi. Mimi ndiye niliyekulea, najua unavyoruka.

Shangazi yako


10 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Umenitia aibu mbele ya stoo nzima. Nimewaambia wenzangu nina mteja amerudisha mashine kwa kosa la kutokuwa na kelele. Mzee wa stoo alivua miwani akanitazama. "Huyo mteja ana akili zake?" Nikamwambia, "Ni shangazi yangu." Akasema, "Basi mpe anachotaka, utapata amani."

Tumekupatia. Ina bomba la bati kweli, inanguruma kama basi linalopanda mlima. Nimeibadilisha kichwa nikaweka cha manyoya, na magurudumu nimeyavisha mpira mwenyewe. Ina mfuko. Juu yake kuna taa ndogo: ikiwa ya kijani, endelea, ikiwa nyekundu, mfuko umejaa, ubadilishe, la sivyo haitavuta kitu. Mifuko ya akiba nimeiweka ndani ya boksi.

Mwombe radhi kinyozi mapema.

Shangazi, mwandiko wako umebadilika. Mstari wa tatu umepanda juu ya wa pili, na mahali pengine umeandikia nje ya karatasi, neno limebaki nusu. Ulikuwa unaandikia wapi, kitandani?

Huku ni salama. Mvua nyingi. Mke wangu anakusalimu, anasema hadithi yako ya kitambaa cheupe nimsomee kila akitaka kulala, nami namsomea.

Soketi


5 Mei

Soketi wangu,

Hii ndiyo mashine! Mungu akuweke. Nikiiwasha, madirisha yanatetemeka na mimi natetemeka kwa furaha. Nimevua viatu, natembea nayo polepole kuanzia ukutani, ubao kwa ubao, nimefumba macho hata, na ninasikiliza. Vumbi linapita kimya. Mchanga unasema shaa. Uzi hausemi kitu. Lakini pini! Pini ikinaswa inapanda bombani inalia kriii mpaka juu, kama kengele ya mbali sana, nami nasema, haya, mmoja kaingia. Mahali ilipolia narudia tena mpaka pakae kimya. Nikimaliza nazima, nyumba nzima inanyamaza kwa mara moja, na ukimya ule una uzito wake, kama shuka safi inayokushukia. Nasimama katikati sijui nipo chumba gani. Nasubiri mpaka nyumba inirudie.

Kinyozi alipanda kuuliza kama nafungua kiwanda. Nikamwonyesha. Akasikiliza pini mbili tatu, akavua kofia.

Ila tangu wiki iliyopita imepungua pumzi. Inanguruma lakini haili. Uliniambia habari za taa. Sijaiona ikibadilika.

Kuhusu mwandiko: kalamu mbaya.

Shangazi yako


19 Mei

Shangazi,

Shikamoo.

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Mashine inayonguruma na haili mfuko wake umejaa. Taa hiyo ni nyekundu, na ni nyekundu tangu wiki hiyo unayoisema, na ipo juu ya mashine, mbele ya uso wako, kubwa kama kifungo cha koti.

Vitufe vya simu. Kofia za taa. Ukungu ndani ya nyumba isiyo na moto. Nimekuwa nikisoma haya na kutabasamu, nikimwambia mke wangu, angalia shangazi anavyoandika vizuri.

Nakuuliza, nijibu bila kuruka. Shangazi, unaona?

Soketi


2 Julai

Kwa Soketi,

Mkono huu si wa shangazi yako. Ni wangu mimi, kinyozi wa chini. Amekaa mbele yangu dukani, kwenye kiti cha wateja, na ameniapisha niandike anachosema bila kupunguza. Sasa anaanza.

Mwanangu, nimechelewa kukujibu kwa sababu kila nikianza barua nashindwa kujua nimeandika wapi. Swali lako ni fupi na jibu lake ni fupi. Kidogo. Naona mwanga, naona rangi zikiwa kubwa, naona mtu akisimama karibu kwamba ni mtu. Uzi sijautunga kwa macho tangu mwaka jana. Natunga kwa ulimi na vidole. Nilipohamia hapa ilikuwa imeshaanza. Sakafu hii ninayoisifu sijawahi kuiona, nimeiona kama mtu anavyoona chini ya mto.

Pini zilikuwa zinanichoma. Nyingine niliikanyaga mpaka nusu, nikakaa chini nikaitoa kwa kupapasa, nikacheka peke yangu ili nisilie. Ndiyo maana nikataka mashine ya kunisemesha.

Kwa nini sikusema? Kwa sababu ungekuja, ungenipeleka kwako, ungenikalisha kwenye kiti chenye mto, na mimi bado nina nguo za watu. Na pia, wateja waliponisomea barua zako nilisikia kuna kitu kimekaa kifuani kwako, sikutaka kukuongezea.

Kinyozi alinipeleka kwa daktari wa macho. Kila aliponiambia twende nilimwambia kesho, siku moja akafunga duka lake asubuhi, akasimama mlangoni kwangu na koti. Daktari ni msichana, mikono baridi. Akasema, "Mama, una mtoto wa jicho. Macho yote mawili. Tunamtoa, unaona tena, si jambo kubwa." Nikamwambia, mwanangu, mimi ni fundi nguo. Nikikosea mshono nafumua. Wewe ukikosea jicho langu utafumua nini? Akacheka, lakini mimi sikuwa nacheka. Amenipa tarehe ya Agosti. Sijasema ndiyo. Naogopa, Soketi. Nimeona maisha mengi na sikumbuki kuogopa namna hii. Giza la taratibu nimelizoea, lina upole wake. Kisu sikijui.

Sasa nami nakuuliza, nijibu bila kuruka. Mkwe wangu anapumzika nini tangu Februari?

(Mimi kinyozi naongeza kwa hiari yangu: pini hazimchomi tena. Kila asubuhi kabla sijafungua duka napanda nazikagua mbao. Yeye anajua. Anajifanya hajui.)


15 Julai

Shangazi mpenzi,

Shikamoo, na shikamoo pia kwa mzee kinyozi, ambaye simjui na tayari namheshimu.

Nimeanza barua hii asubuhi, nikaenda kazini, nikarudi, haijaandikika. Mke wangu ndiye ameniambia, "Kaa hapa kitandani, uandike nikiona."

Ana mimba. Miezi minane inatimia. Unakumbuka ya kwanza tulivyokutangazia kwa simu tukipiga kelele, ukaanza kushona siku hiyohiyo, halafu ikabidi tukupigie tena. Ya pili hatukukwambia kabisa. Hii daktari alisema alale, asinyanyue kitu, asipande ngazi. Tukaogopa hata kuitaja. Tulikuwa tunasema "hali" na "jambo letu". Nilidhani nikiandika neno lenyewe kwenye karatasi, litasikia na kuondoka. Ndiyo sababu sikuja ulipohama. Sikuweza kutoka nyumbani hata kwa usiku mmoja, na sikuweza kukwambia kwa nini.

Shangazi, kumbe sote wawili tulikuwa na mtoto tunayemficha. Wako anatakiwa atoke Agosti. Wetu pia.

Nilipomsomea mke wangu barua yako aliweka mkono tumboni, akaangalia dari. Kisha akasema, "Mwambie shangazi mimi naogopa kuliko yeye. Yeye ana jicho la pili, mimi nina huyu mmoja. Mwambie anifanyie hisani. Aende yeye kwanza, aniambie kukoje upande wa pili."

Ndivyo alivyosema. Sijaongeza neno.

Soketi wako


18 Agosti

Shangazi,

Msichana. Amekuja kabla ya siku zake, mdogo kama mkate, lakini amelia sana, na kila mtu anasema kulia ndiko kunakotakiwa. Mama yake mzima. Mimi sijui kama nimekaa au nimesimama. Picha hii nesi katupiga leo mchana, ipo ndani ya bahasha. Sijui itakukuta umefanya au hujafanya. Kama hujafanya, kinyozi akusimulie ilivyo.

S.


30 Agosti

Mwanangu Soketi, na mkwe wangu, na mjukuu wangu,

Marahaba nyote watatu. Mwandiko huu ni wangu, uangalie. Mistari imelala sawasawa, haigombani.

Nilikwenda. Mkwe wangu, uliomba nikuambie kukoje, na wewe ukanitangulia kufika, basi nakuambia hivyohivyo. Hakuna kisu kinachoonekana. Kuna mwanga mkubwa mweupe unaoyeyuka, wa waridi, halafu wa buluu, na sauti ya yule daktari msichana akisema, "Vizuri mama, vizuri," kama anayemvusha mtu barabara. Nilidhani nimo ndani ya kile kitambaa changu cha ndotoni. Kisha akanifunika jicho, ikawa basi. Kesho yake bandeji ikatoka.

Kitu cha kwanza nilichokiona ni kinyozi, amekaa kwenye benchi la hospitali. Kumbe ana makunyanzi mengi, na sikio moja limekaa juu kuliko jingine. Miezi yote hiyo nilikuwa nimemtengenezea uso mwingine kichwani. Huu ni bora. Nikamwambia, "Koti lako limeshonwa vibaya begani." Akaniambia, "Nilikuwa nangoja mtu wa kuliona."

Nyumbani nikasimama mlangoni. Sakafu si maji, mwanangu. Ni ya rangi ya asali iliyoungua, ina mafundo meusi na mistari inayokwenda kama mito kwenye ramani, na ukutani kote, nyuma ya cherehani, chini ya meza, mavumbi! Makombo! Nyuzi za kila rangi niliyoshona tangu Januari! Mashine yetu ilikuwa inanguruma katikati tu, pembeni hatukufika, na huyo mkaguzi wangu wa asubuhi alikuwa anatafuta pini, hatafuti kingine. Sijawahi kufurahia uchafu kiasi kile. Daktari amenikataza kuinama na kunyanyua vitu, kwa hiyo nimekaa kitini kama hakimu, kinyozi anavuta mashine, nami naonyesha kwa kidole. Pale. Hapana, kushoto. Pale pengine. Tulifanya hivyo alasiri nzima, na mwanga wa jua ulipokuwa ukihama kutoka ubao hadi ubao tukawa tunaufuata tu, bila kazi, mashine imezimwa.

Ule ukungu umeondoka kwenye jicho hili. Katika lile jingine bado upo. Nikilifumba hili zima, taa zinarudi kuvaa kofia zao. Mara chache nafanya hivyo makusudi, dakika moja, kuaga. Lile tutalitengeneza Desemba.

Sasa picha. Nimeitazama mpaka kinyozi ameniambia itachubuka. Ana kipaji cha uso cha marehemu kaka yangu, baba yako, chenyewe hasa. Nakiona. Ngumi ya kulia imefungwa, ya kushoto kidole kimoja kimetoka nje kama anayeomba nafasi ya kusema. Na kile kisweta cha njano mlichomvika, kifungo cha pili kimeingia tundu la tatu, ndiyo maana kola imepanda kidevuni na shingo upande mmoja iko wazi. Mfungueni, mfunge upya kuanzia chini, mtoto asipigwe na baridi.

Mfanye hivyo leo. Mimi daktari ameniruhusu kusafiri, tiketi ninayo, nafika Alhamisi, na nitaangalia.

Shangazi yenu